Tulimwambia Baba Gari Liko Gereji

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba usinicheke, maana hata mimi nikijisikiliza naona ni jambo la kijinga, mtu mzima mwenye watoto wawili kushindwa kumwambia baba yake sentensi moja, lakini nimeshindwa, huu ni mwezi wa saba, na Jumamosi hii lazima niseme kitu.

Baba yangu ni mwashi. Amestaafu, lakini mwashi hastaafu, akipita barabarani anagonga kuta za watu kwa kidole na kuguna. Nyumba yetu iko karibu na bahari, ukifungua dirisha la jikoni chumvi inakaa mpaka juu ya sufuria, na alikuwa na gari lake moja la zamani, rangi ya maziwa, alilinunua mimi nikiwa darasa la tatu, na ndilo lililotupeleka kumzika mama miaka miwili iliyopita. Gari hilo hakuna aliyeruhusiwa kulifunga mlango kwa nguvu. Tulikuwa tunataniana kwamba hilo ndilo mtoto wa kwanza, kaka yangu wa pili, mimi kitinda mimba.

Macho yake yakaanza kwisha taratibu, akawa anamimina chai nje ya kikombe, siku moja akazisalimia nguo zilizoanikwa akidhani ni jirani, tukacheka naye, hatukujua tunacheka nini. Halafu asubuhi moja akarudisha gari nyuma, akaangusha kamba ya nguo ya jirani pamoja na beseni, akashuka akaomba radhi kwa ajili ya beseni. Hakuona, mshauri, kwamba nyuma ya lile beseni alikuwa amekaa mtoto wa jirani, wa mwaka mmoja na nusu, na tairi lilisimama shubiri moja kutoka kwenye mguu wake. Mimi ndiye niliyemnyanyua. Mama yake hakupiga kelele, alinitazama tu, akamchukua mwanawe, akaingia ndani na kufunga mlango, na mimi ningefurahi kama angenitukana.

Nikampigia simu kaka, ambaye anakaa mbali na ndiye mwenye sauti kwetu. Akasema gari liondoke, na baba asiambiwe sababu, eti mwanamume wa namna ile ukimwambia hawezi tena kuendesha umemzika huku anapumua. Basi nikachukua ufunguo wa akiba, baba akiwa amelala mchana, mnunuzi akaja akaliondoa, naye kazi yake ni kukata magari ya zamani na kuuza vipuri, kwa hiyo hata nikitaka leo kulirudisha siwezi, limeshakuwa milango na taa za magari ya watu wengine. Baba alipoamka akauliza gari liko wapi, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Liko gereji, baba. Bodi imeliwa na kutu."

Neno hilo gereji ndilo lililoniponza. Nilidhani atauliza gereji ya nani, fundi gani, nikawa nimeshaandaa majibu. Hakuuliza. Akasema, "Kosa ni langu. Miaka yote nimejenga nyumba za watu, gari langu mwenyewe nimeliacha nje linalambwa na chumvi. Likitoka gereji ya fundi litakuta na hapa lina gereji yake." Kesho yake nilipoamka alikuwa uani anachimba msingi.

Sijawahi kuona mtu akijenga vile. Ana kamba yenye mafundo aliyolipimia gari hilo zamani, kuna fundo la urefu, fundo la upana, na fundo moja la pembeni akaniambia, "Hili la mama yako," maana mama alikuwa na nyonga mbovu, na mlango wa upande wake ulitakiwa ufunguke wote ili ashuke bila kujibana. Nikamwambia, baba, mama hayupo. Akasema, "Najua hayupo. Nafasi yake ipo." Mchanga wa ufukweni akaukataa, akasema una chumvi, utazila nondo kutoka ndani kama mchwa na mbao, akaagiza wa mto, na huo nao akauonja kwa ulimi kabla haujashushwa. Nondo akazifunika kwa zege nene. Mlango akataka wa mbao. Upande unaopigwa na upepo wa bahari akaapa hautafunguliwa tundu hata la kupita mende. Timazi ya kupimia wima wa ukuta haioni tena, lakini anapitisha kiganja ukutani anasema, "Hapa pana tumbo," na ukitazama kweli pana tumbo. Mimi nilikuwa namshikia uzi na kumkorogea saruji, na kila akiuliza habari za gari namjibu fundi anasema bado kupiga rangi.

Kuta zilipofika usawa wa kifua akaja kumtembelea rafiki yake mmoja, dereva mstaafu, wakakaa uani wawili tu, nilipowapelekea chai wakanyamaza. Baada ya hapo baba hakugusa mwiko siku mbili, akasema mgongo. Siku ya tatu akarudi kazini, ila ndipo nikaona kwamba na akili nayo imeanza kuchoka kama macho. Pale pa kuingilia gari akamwaga kizingiti cha zege, shubiri nzima kwenda juu! Ule upande wa bahari aliosema hautafunguliwa, akaufungua dirisha kubwa kuliko la sebuleni, sasa gari litaangalia nini? Na upande ule wa mama akajenga benchi la zege la kukaa watu wawili, akalipiga lipu laini kama sahani. Jirani yetu seremala, tunamwita Msumari, alipoleta mlango akasimama akauliza, "Fundi, hapa gari litaruka? Au umenunua mbuzi?" Baba akacheka, akasema, "Likija tutaona." Mimi na Msumari tukatazamana, nikaenda jikoni nikalia.

Gereji imekwisha, hii ni wiki ya sita. Kila asubuhi baba anavaa shati safi, anachukua ufunguo wake wa gari anaupaka mafuta usishike kutu, anakwenda kukaa kwenye benchi lake. Chakula anarudisha nusu. Juzi akaniita, akanipa ile kamba ya mafundo nimtunzie, halafu akasema, "Jumamosi nipeleke huko gereji. Macho hayaoni vizuri, lakini nitaligusa tu." Mshauri, ni mara ya kwanza kukubali kwa mdomo wake kwamba haoni.

Kaka anasema nimwambie gereji imeshika moto, magari yote yameteketea, baba atalia siku moja na yatakwisha. Mimi naogopa kusema hivyo, na naogopa kusema kweli, kwa sababu kweli ni kwamba mimi, binti yake, nilimnyang'anya gari akiwa usingizini, halafu nikamshikia uzi miezi yote hii nikimtazama. Naogopa asije akafa hajanisamehe. Nimwambie nini?

Binti wa Mwashi

*

Binti wa Mwashi,

Marahaba, na pole. Pole ya kweli, maana barua yako niliiweka chini nikaenda kunawa uso. Sasa na wewe futa machozi, nikugombeze.

Tumalizane kwanza na kaka yako. Mwambie gereji isiyokuwepo haiungui. Na mwenye sauti kubwa aje aitumie hapo uani, sio kwenye simu.

Kuliondoa gari sikulaumu hata kidogo. Mtoto wa jirani anakimbia leo kwa miguu miwili, na hilo ni kubwa kuliko gari na kuliko heshima ya mwanamume yeyote. Ninakulaumu kwa uongo, na ninakulaumu zaidi kwa jambo jingine: umezaliwa na fundi, umekulia kwa fundi, umemshikia uzi, na bado hujui kusoma kazi yake.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Hivi mtu anayeonja mchanga kwa ulimi, anayeujua ukuta wenye tumbo kwa kiganja, ndiye asahau kwamba gari lina magurudumu? Binti, kizingiti hakiwekwi kwenye mlango wa gari. Kizingiti huwekwa kwenye mlango wa watu. Msumari alikiona akauliza, baba yako akamjibu, na nyinyi wawili mkatazamana mkidhani mzee amechanganyikiwa. Waliochanganyikiwa hapo ni nani?

Baba yako aliacha kujenga gereji siku ile rafiki yake alipokunywa chai yako. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa walisema nini. Lakini dereva akiona mlango wa gari la mwenzake umefungwa kwenye gari jingine atautambua, na atakwenda kumwambia mwenyewe. Zile siku mbili hazikuwa za mgongo, zilikuwa za msiba, na aliomboleza peke yake kwa kuwa wewe ulikuwa hujamwambia kwamba kuna kilichokufa. Halafu akainuka, akazitazama kuta zilizokwisha simama, akaona zisipotee bure. Akazifanya chumba. Akafungua dirisha upande wa bahari, chumvi na iingie, kwa sababu chumba hicho hakina tena bati la gari la kuliwa, kina mzee anayetaka kuiona bahari kabla macho hayajazima kabisa.

Utaniuliza, kama anajua, kwa nini anataka kupelekwa gereji? Kwa sababu amechoka kukungoja. Wiki sita anavaa shati safi anakaa pale uje umwambie mwenyewe, wewe unamletea sahani na habari za rangi. Unadhani chakula anakirudisha kwa ajili ya gari? Yeye ni mwashi, ameshabomoa na kuona vingi vikibomoka. Kinachomshinda kumeza ni wewe.

Sitakutajia methali ya ufa na ukuta, maana baba yako anazijua kuta kuliko mimi. Nitakutajia ile nyingine: njia ya mwongo ni fupi. Yako imefika kwenye kizingiti, haiendi mbele tena.

Kwa hiyo Jumamosi usiingoje. Kesho asubuhi, akishakaa, nenda. Anza na mtoto wa jirani. Mwambie beseni, tairi, shubiri moja. Usilimeze hilo ati litamuumiza. Litamuumiza sana, lakini ndilo pekee ambalo rafiki yake hakuweza kumwambia, na bila hilo anabaki kuamini kwamba wanawe walimchukulia gari kwa tamaa au kwa kumdharau. Halafu sema gari limeuzwa na limekatwa. Useme "nilichukua", usiseme "tulionelea". Usimwambie ilikuwa kwa faida yake, hilo ataliona mwenyewe au hataliona. Ukimaliza, nyamaza. Akikasirika mwache akasirike, lilikuwa gari lake. Akikaa siku tatu bila kukusemesha, endelea kumpelekea chai, na chai hiyo usimwagie machozi.

Akitaka kwenda kwa jirani kuomba radhi, safari hii si kwa beseni, mshike mkono umpeleke. Yule mama aliyefunga mlango naye anangoja. Na wiki hiihii mpeleke kwa daktari wa macho. Nimetafuta neno daktari katika barua yako yote sikuliona, nimeona mnunuzi, seremala na mchanga wa mto. Mlilitafutia gari mnunuzi kabla ya kuyatafutia macho daktari. Hiyo aibu mgawane na kaka yako nusu kwa nusu.

Ufunguo usimnyang'anye. Kizingiti asije mtu akakivunja. Kamba aliyokupa itunze, maana hakukupa kwa kuwa kazi imekwisha tu. Mtu hampi kipimo chake mtoto ambaye ameshamkataa. Soma na hilo vilevile.

Unaogopa asije akafa hajakusamehe. Mimi naogopa asije akafa hujamwomba.

Na ukienda kesho usibebe kiti. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba lile benchi ni la watu wawili, na kwamba analikalia peke yake. Yuko upande mmoja. Ule mwingine ameupima kwa fundo la mama yako, akaupiga lipu yeye mwenyewe, kwa kiganja, na wiki sita sasa hajaukalia mtu. Vua viatu, vuka, kaa hapo.