Ukurasa Ulioangalia Ukuta

Owino rafiki yangu,

Najua swali lako la kwanza lingekuwa watu walikuja wangapi, basi nianze hapo. Walijaa. Mzee Kirwa alitoa benchi zote kwenye stoo ya ukumbi wa kanisa, hata zile mbili zenye miguu mibovu, na bado wengine walisimama. Chai iliisha na mikate ikabaki, jambo ambalo halijawahi kutokea miaka yote ya maonyesho yetu ya katuni. Sote tulijua kwa nini. Mla mikate hakuwepo.

Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, nimekaa mlangoni kwangu hapa kijijini Ziwa na daftari magotini. Mahindi yamenipita urefu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Machi, na baada ya yaliyotokea jana pale ukumbini, mtaa wa West Indies, Eldoret, naona ninaweza kulisema. Ila nitazunguka kidogo kwanza. Usiniambie "Punguza, Mwalimu." Leo huna kifutio.

Unakumbuka tulivyokutana? Ulikuja shuleni kwetu kuchora alfabeti kwenye ukuta wa chekechea, na kwenye herufi T ukachora tembo aliyevaa miwani ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikasirika mpaka akataka ukuta upakwe rangi upya. Mimi nilicheka hadi nikatoka nje. Jioni hiyo nilikuonyesha daftari langu la hadithi za Kogo Sali, mwanamke mzee wa Ziwa anayeshuka mjini kila siku ya soko na kikapu chake, akiwanyoosha matapeli. Ulidhani Kogo ni jina lake mpaka nikakuambia kwetu ndivyo tunavyomwita bibi. Ulisoma ukiwa umesimama, brashi mkononi, ukaniambia, "Mwalimu, hapa kuna maneno ya watu kumi. Nipatie ya wawili, hao wengine nitachora."

Miaka kumi na moja ikapita hivyo. Kila Jumamosi nilishuka hadi chumba chako cha mtaa wa Huruma, kile ulichokigawa kwa pazia, kitanda upande huu na meza upande ule, mabango ya kinyozi na ya bucha yakikauka mlangoni. Visanduku vya picha uliviita vyumba vya kupanga. "Hiki chumba umejaza watu, landilodi atafukuza wote," ulikuwa unasema, huku ukinikata sentensi nzima. Nilikununia. Nikirudi nyumbani na kusoma tena, naona ulisema kweli, lakini sikuwahi kukuambia.

Na kila Jumamosi, kabla sijavua viatu, simu ilikuwa inalia. Ujumbe wa neno moja: "Umefika?" Nami najibu: "Nimefika." Mkeo, Mama Pendo, alikuwa anakucheka kwamba unaniuliza kama mtoto aliyetumwa dukani. Ulimjibu kwamba mchoraji akipoteza maneno yake atayatoa wapi.

Jana niliangalia umati ule nikakumbuka maonyesho ya kwanza. Watu wanane, na watano kati yao walikuwa wanakwaya waliodhani kuna mazoezi. Tulitundika kurasa kwa kamba ya nguo na vibanio vya Mama Pendo. Tulipotaka kumpa zawadi mchoraji bora tukakuta hatuna kitu, Mzee Kirwa akaingia jikoni akatoka na mwiko wa ugali. Mpaka leo tuzo yetu ni mwiko. Wanaoushinda huutundika sebuleni, na mama zao hukatazwa kuugusa. Mwaka huu umechukuliwa na dada wawili kwa katuni ya ng'ombe anayeogopa kukamuliwa. Ungeipenda. Ng'ombe mwenyewe ana macho kama ya yule mwalimu mkuu.

Lakini kilichowaleta watu ni ule mchezo wako wa ukurasa wa mwisho. Kila mwaka uliuchora peke yako, ukaweka kiputo kitupu cha maneno mdomoni mwa Kogo, ukautundika ukiangalia ukuta. Hakuna aliyeruhusiwa kuuona, hata mimi. Saa kumi kamili unaugeuza, na mimi naandika maneno ya Kogo pale pale mbele ya watu, kalamu ikitetemeka. Nilikuwa nakulaani kimoyomoyo. Mwaka ule ulipomchora Kogo amemkalia mwizi wa kuku, nilisimama mpaka watu wakaanza kunipigia makofi kunihimiza. Wengine walikuja kwa hilo tu, kuona mwalimu akipewa mtihani.

Sasa nifike kwenyewe.

Jumamosi ile ya Machi uliniambia bila kuinua macho, "Mwalimu, Kogo amechoka. Mwaka huu tumrudishe nyumbani, akae." Nilidhani ni uvivu. Tulikuwa tumealikwa kumpeleka Kogo Nairobi, kwenye kongamano la wachoraji, mara yetu ya kwanza, na wewe unataka kumstaafisha! Nilikuambia mengi. La mwisho ndilo ninalolisikia kila siku: "Aliyechoka ni wewe, si Kogo." Ulichukua brashi ukaanza kuiosha, na haikuwa chafu. Nikabeba mkoba wangu nikaondoka.

Nilipofika nyumbani simu ikalia. "Umefika?"

Niliiona, Owino. Nataka ujue kwamba niliiona. Nikaisoma, nikailaza simu kifudifudi mezani, nikaenda kuwasha jiko. Nilisema moyoni, acha naye aumie kidogo, nitamjibu kesho. Kesho ikawa keshokutwa, na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo neno lile moja lilivyozidi kuwa zito. Wiki ya tatu Mama Pendo akanipigia. Sikujua kwamba unaumwa. Hukumwambia mtu ila yeye. Hasira hasara, tunawafundisha watoto, wanaimba darasa zima, na mwalimu wao hajui.

Tulikuzika kwenu Bondo, mvua ikinyesha. Waliponiita niseme neno kama mwenzako wa kazi, nilisimama, nikaangalia watu, nikakaa. Mimi, mwenye maneno ya watu kumi.

Tangu hapo mambo yamebadilika na hayajabadilika. Bango lako la kinyozi bado lipo pale Huruma, yule kijana mwenye kichwa cha mraba, na kinyozi amekataa lipakwe upya. Wachoraji wetu wa chuo siku hizi wanachora kwenye tableti na kufuta kwa kidole. Ungewatukana, kisha ungeomba kujaribu. Na jana wengine walikuja wamevaa kama wahusika wao. Msichana mmoja wa Huruma alikuja akiwa Kogo kamili, leso, koti la mvua na kikapu, akawa anawagombeza wanaoruka foleni ya chai: "Wewe! Panga laini! Nilikuwa hapa kabla mama yako azaliwe!" Nilicheka, halafu nikaenda jikoni kulia.

Nililia kwa sababu ya bahasha. Wiki iliyopita Mama Pendo aliniletea bahasha uliyoiacha chini ya godoro, umeandika juu yake "Agosti". Alisema ndani kuna zile kurasa kumi na mbili tulizokwisha kuzikamilisha, na ule wa mwisho. Sikuifungua. Nilijiambia ni desturi yetu, hauonwi kabla ya saa kumi, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Kama uliniachia neno la hasira, lingekuwa humo. Niliipeleka ilivyo kwa dada wa fotokopi mjini, nikamwambia atie kurasa kwenye mashine, atoe nakala, abane kwa stepla. Haikupita saa moja akanipigia. "Mwalimu, hii page ya mwisho iko white. Nitoe ama niwache hivyo?"

Nilimwambia aache.

Karatasi nyeupe. Hakuna Kogo, hakuna kiputo. Nilielewa kwamba ulikataa kumaliza na mimi. Sikukulaumu. Nilikunyima jibu la neno moja, nawe ukaninyima ukurasa mzima, tukawa sawa. Hivyo ndivyo nilivyokwenda nayo siku tatu, nikiwafundisha watoto sehemu za ua huku nikikusikia ukiosha ile brashi.

Jana asubuhi niliutundika ukurasa wako ukiangalia ukuta, bila kuuangalia. Saa kumi ilipokaribia nilimvuta Mama Pendo kando nikamwomba turuke sehemu hiyo. Nikamwambia, "Mumeo aliuacha mtupu, tusimwaibishe." Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa upuuzi.

"Mwalimu, huyo mtu alikaa na hiyo karatasi kwa kitanda siku tatu. Alikuwa anafanya nini, kujipepea nayo? Wacha nigeuze mimi."

Akaugeuza. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona weupe mtupu, na nikaanza kutafuta cha kuwaambia watu. Mama Pendo hakungoja. Aliung'oa kwenye vibanio akaupeleka dirishani, maana mvua ilikuwa imetoka kuisha na jua limerudi. Akauinua, akausogeza, kisha akaniita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.

"Mwalimu! Kuja uone! Si hii ni ile penseli yake ya blu?"

Owino, penseli ya blu! Miaka kumi na moja nimekaa kando ya penseli hiyo. Ni mimi niliyekuwa nawaeleza wageni kwa majivuno yote: Owino huchora kwanza kwa blu hafifu, kisha hupita juu kwa wino mweusi, wala hana haja ya kufuta, kwa sababu mashine ya fotokopi haioni blu hiyo. Hata dada wa fotokopi nilikwisha kumweleza. Siku ilipohitajika ikatutoka sote wawili kichwani. Hukukataa kuchora. Ulichora. Ni siku za kutia wino ndizo hukupata.

Kogo amekaa kwenye kigoda mlangoni, hapa Ziwa, mahindi nyuma yake. Amevua viatu, miguu iko ndani ya beseni la maji. Kikapu kiko chini, kitupu. Mistari inatetemeka, na mkono mmoja una vidole sita, kosa ambalo ungesema nimekuandikia mimi. Lakini uso wake, Owino. Hajafa, hajashindwa. Amerudi tu nyumbani, kama ulivyosema. Na mbele yake umechora kigoda cha pili, hakuna aliyekikalia, na juu yake kuna kalamu. Ile kalamu yangu yenye kifuniko kilichotafunwa. Ulikitafuna hata kwenye picha.

Na kiputo kipo. Ni kidogo kuliko vyote ulivyowahi kuniachia. Nafasi ya neno moja.

Nilisimama pale dirishani nikalia mbele ya watu wote, bila kujificha jikoni. Nilikuwa nimebeba hasira ambayo hukuwa nayo. Ulikuwa umeniwekea kiti.

Mzee Kirwa akaniletea kalamu nene nyeusi, kama kila mwaka. Nikamrudishia. Nikamwuliza Mama Pendo ile penseli iko wapi, naye akaitoa kwenye mkoba wake, kipande kisichozidi kidole gumba. Kumbe anatembea nayo. Nikaandika kwa blu. Kwa mara ya kwanza miaka yote hiyo sikutetemeka, wala watu hawakungoja, maana neno lilikuwa tayari tangu Machi. Wakapanga laini kuja kulisoma karibu karibu, mmoja mmoja, na yule msichana wa Huruma akavua leso yake ya Kogo alipofika mbele ya picha.

Kijana mmoja akaniambia, "Mwalimu, tunaweza scan, tuitoe black, tuipost watu waone." Nikamshukuru, nikamkatalia. Nakala zote zitabaki na ukurasa mweupe. Nairobi nitakwenda na zile kumi na mbili, kama tulivyoalikwa, na nitalitaja jina lako mpaka wanichoke. Ule wa kumi na tatu hautoki. Hakuna atakayepita juu yake kwa wino maadamu niko hai. Atakayetaka kuusoma atakuja Eldoret, angoje saa kumi, asimame dirishani.

Nakuahidi kila Agosti nitautundika ukiangalia ukuta, na Mama Pendo ataugeuza. Nakuahidi nitaendelea kushuka Jumamosi. Meza yako ipo, amesema haihamishwi, na wale dada wa ng'ombe wanataka kuja kujifunza. Nimewaonya kwamba nikiandika sana wanikate, kwa sababu aliyekuwa ananikata amepumzika. Pumzika, Owino. Ulikuwa umechoka, na ulikuwa na haki ya kuchoka, na mimi nilipaswa kukuuliza.

Wewe ndiwe uliyeniuliza. Nimechelewa kujibu miezi mitano, na jibu nililiweka mdomoni mwa Kogo mahali ulipoliachia nafasi. Fotokopi haitaliona, basi naliandika tena hapa kwa wino.

Nimefika.

Mwalimu