Mpangaji Asiyeruhusiwa Kufa

Mama Georgine,

Nyumba yetu haipo tena. Nimechelewa kukuambia. Kila nilipofika kaburini kwako nilizungumza habari za mvua na bei ya unga, kisha nikaondoka. Leo kichwa kipo, kwa hiyo naandika.

Watu wa serikali walikuja asubuhi na katapila. Ule msalaba mwekundu waliotuchorea ukutani wewe ulipokuwa hai, ukausugua kwa majivu huku ukisema, "Ata bapake mara mia, miye siende," haukuwa wa kutisha tu. Walisema tumejenga ndani ya njia ya mto Naviundu. Vyumba viwili tulivyopangisha, kibanda ulichouzia kinywaji chako cha munkoyo pale mbele, vyote vikawa udongo kabla jua halijapanda. Wapangaji wetu walibeba magodoro yao, wakaniaga kwa adabu. Pensheni ya ualimu unaijua: tunaisikia tu, hatujaiona.

Georgine alinipigia simu niende kwao Lukafu. Nilikataa. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema mukwe hapaswi kuona uchi wa mukwe wake. Kule nani angeniogesha siku zikifika, kama si mume wa Georgine? Ningeona haya hata nikiwa maiti.

Basi nikatafuta chumba mtaa wa Katuba. Huko nilijifunza jambo ambalo sisi, kwa kuwa tulikuwa na parseli yetu, kiwanja chetu wenyewe, hatukuwahi kulifikiria: wenye nyumba hawataki wazee. Wanatazama mvi, wanatazama fimbo, halafu chumba kilichokuwa wazi kinakuwa kimeshapata mtu. Mama mmoja ndiye aliyenifungua macho. Akanionyesha nyumba ya jirani yake, mjane anayeitwa Mama Sifa. Mzee mpangaji alimfia chumbani. Kwa kuwa marehemu hakuwa na kwake, kilio kikakaa uani kwa Mama Sifa. Jamaa wakashuka kutoka kaskazini, wakalala nje, wakamaliza maji, wakavunja mlango wa choo wakauchoma kuni. Walipoondoka, chumba kikabaki kitupu muda mrefu, maana nani atalala pale mtu alipokatia roho? "Njo vile anaogopa bazee," yule mama aliniambia. "Muende mbele tu, Baba."

Sikwenda mbele. Nilipaka nywele dawa nyeusi ya viatu, nikaificha fimbo, nikabisha hodi kwa Mama Sifa nimejinyoosha kama kijana wa seminari. Ungecheka. Jua lilikuwa kali, jasho likaanza kushuka shingoni na weusi wake. Akaniuliza, "Muko na nguvu kweli, Baba?" Nikamwambia sijawahi kulala hospitali. Akanipa ufunguo. Mpaka leo sijui kama hakuiona ile shingo.

Mama Georgine, ninakohoa damu. Nilianza kabla ya kupata kile chumba.

Nauza makala, makaa ya kupikia, pale langoni, mafungu madogo madogo. Nilichagua makala kwa akili, sikuyachagua kwa faida. Mama Sifa akisikia kifua changu na kuuliza, namjibu, "Ni vumbi ya makala." Na vumbi hilo ndilo linalonimaliza haraka zaidi. Juzi alipita mwanamume mmoja niliyemfundisha darasa la nne. Alisimama, akaitazama mikono yangu, akasema, "Mwalimu, na weye ulikuwa unatuchapa juu ya mikono michafu!" Tukacheka wote wawili. Alinunua mafungu mawili. Alipokwisha kukunja kona nilikwenda nyuma ya choo nikainama, nikashika ukuta.

Hapo ndipo ninapokukumbuka zaidi, nyuma ya choo cha watu. Nakumbuka kikombe cha kwanza cha munkoyo ulichokuwa ukiniletea kingali na uvuguvugu, unakiweka juu ya madaftari ya watoto makusudi ili niache kusahihisha. "Hao bajinga watakungojea, kunywa." Sikuwahi kukushukuru. Nilikuwa nalalamika kwamba kinaacha alama ya duara kwenye karatasi.

Padri wa hapa ameniondolea dhambi ya uongo huu. Lakini padri si mwenye nyumba.

Nilidhani nitakufa hivyo hivyo, nimeufunga mdomo, na watakaonikuta watajua la kufanya na mimi. Halafu Mama Sifa akaja kukaa karibu na makala yangu. Binti yake wa pekee, Sifa, ameposwa. Jumamosi ndugu za kijana wanaleta mahari hapa uani. Baba yake Sifa hayupo, na baba zake wadogo hawajaonekana tangu walipokuja kugawana vitu vya marehemu. Akaniambia, "Baba, miye siko na muntu. Mutasimama pa nafasi ya baba yake. Muko mwalimu, munajua kusema." Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kama mtu aliyepigiwa simu na rais.

Tangu hapo silali. Unajua desturi kama mimi. Kilio kikiingia uani kabla ya mahari, mazungumzo yanasimama, na wale wageni watarudi kwao wakinong'ona kwamba bibi arusi huyu ametokea nyumba ya kifo. Jana nilipoteza fahamu nikiwa nafunga gunia. Hakuna aliyeona. Jumamosi siioni vizuri kutoka hapa.

Nikimwambia, atanitoa. Si mwanamke mbaya. Atalia, kisha atanitoa, kwa kuwa ni mama. Sina pengine. Pale kwetu ni magugu na maji. Wakiniokota mahali fulani, sijui watawasha moto wa kilio changu mbele ya mlango gani. Nimelifikiria sana jambo hilo, na sasa nimechoka kulifikiria.

Amekwenda kwa fundi kuchukua koti la marehemu mume wake, lililopunguzwa mabega ili linienee. Anarudi sasa hivi.

Lala salama, mke wangu. Usinitafute Katuba. Nakuahidi hili moja: akiingia na lile koti, nitamwambia yote kabla sijatia mkono ndani.

Baba Georgine