Hakuna wa kugeuza ufunguo

Mwenzangu, leo nimejiaibisha!

Gari la marehemu mume wangu limegoma. Nikiwasha, stata inalia "ka!" tu, injini haizunguki. Taa zinawaka vizuri, kwa hiyo betri ni nzima. Hilo tulifundishwa kwenye darasa letu la jioni la ufundi wa magari.

Mwalimu alisema mmoja aigonge stata, mwingine awashe. Nikasali, nikaingia chini na spana.

Nikagonga, nikapaza sauti: "Haya Baba Watoto, washa!"

Baba Watoto! Miaka miwili tangu tumzike, nami namwambia awashe!

Jirani akachungulia dirishani: "Mama, unaongea na nani?"

Nikajibu, "Nasali." Mungu anisamehe. Akafunga dirisha.

Bado nimelala chini ya gari. Mtihani wa darasa ni leo saa kumi na mbili jioni. Tafadhali njoo, unigeuzie ufunguo tu.