Safu ya Maoni

Mjukuu wangu Achieng,

Huku Rodi Kopany tu wazima. Mvua imekuja, mahindi yamefika magotini, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza kama uandike ripoti kuhusu dereva wenu huko Ntimaru anayeendesha akiwa amelewa, maana kiongozi wenu wa utafiti anasema mnyamaze, hakuna aliyeumia.

Nilipokuwa chuo kikuu, tulipelekwa Sori, kando ya ziwa, kupima samaki. Asubuhi moja mwalimu alituambia tupande boti iliyokuwa ikivuja. Tukavua viatu tuingie. Mwenzetu Adhiambo, mpole ambaye hata darasani hakuinua mkono, akasema, “Mwalimu, mimi sipandi.” Akaketi mchangani, akafungua daftari la kazi. Kila ukurasa ulikuwa na safu ya urefu, ya uzito, na ya mwisho ya maoni, ambayo hatukuwahi kuijaza. Humo akaandika: “Boti inavuja. Tumeambiwa tupande.” Akatia jina lake.

Sisi wengine tulikwenda, tukichota maji kwa makopo. Tuliporudi salama, mwalimu alimcheka, nasi tukacheka. Nilidhani atayafuta maneno yale. Daftari lilikuwa la chuo, likafika chuoni na maneno yale ndani. Safari zilizofuata, boti ile hatukuiona tena.

Nimezeeka na bado namstaajabia. Kupanda boti mbovu hata mbuzi hukataa. Lakini sisi tulirudi salama, tukamcheka, naye hakufuta.

Ni mimi dani, nyanya yako.