Ndege wa Mia na Hamsini

Bukavu, 12 Machi 2023

Mwanangu Rosette,

Jambo sana. Unaendeleaje huko Shabunda, na wagonjwa wako je? Huku tuko, ila mguu. Niliteleza kwenye ngazi za Kadutu siku ya mvua, daktari akanifunga plâtre ngumu kama jiwe, akasema wiki nane. Usihangaike. Dada yako Constance ananipikia, na kunigombeza ananigombeza bure.

Sasa nikuchekeshe. Nilikuwa natafuta miwani kwenye droo yako, nikakuta ile mashine ndogo ya mchezo wa kukamata wanyama. Mtu akikaa kitako kutwa nzima atacheza hata na vifuniko vya chupa. Nikaanza mwanzo kabisa. Ikaniambia nichague mnyama wa kwanza: simba, tai au kobe. Nikachukua kobe, maana sisi wawili hatuna haraka. Nimempa jina Adèle. Mama yako naye alitembea polepole na alikuwa anafika, Mungu amlaze pema.

Mashine yako ina adabu. Kila nikimaliza inaniuliza kwa Kifaransa kama nataka kuhifadhi. Siku ya kwanza iliuliza hata mara mbili. Mimi miaka thelathini na moja nimeandikisha waliozaliwa na waliokufa pale ofisi ya état civil, sijaacha karatasi bila muhuri. Nikajibu ndiyo, zote mbili.

Hebu niambie, bingwa wa mchezo huu anajulikana kwa kitu gani?

Papa yako,
Télesphore


Shabunda, 3 Aprili 2023

Papa,

Jambo. Pole kwa mguu. Usiukanyage kabla ya wiki nane kwisha, hata ukiona umepona.

Mashine ile inahifadhi mchezo mmoja tu. Ilipokuuliza mara ya pili, ilikuwa inauliza kama iufute wangu. Nilikuwa na wanyama mia na arobaini na tisa. Kitabu cha mchezo kina kurasa mia na hamsini, na bingwa ni yule aliyekijaza. Hilo ndilo jibu la swali lako. Vijana wote wa paroisse, pale kanisani kwetu, walijua nimebakiza mmoja, yangeyange, ndege mweupe ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona.

Miaka saba, papa. Mia ya kwanza niliwakamata nimekaa kwenye benchi la hospitali, mama amelala kitandani. Yeye ndiye alikuwa ananiuliza, “Iko inabakia ngapi?”

Najua hukukusudia. Lakini nimekasirika, na kujua hivyo hakunisaidii.

Rosette


Bukavu, 20 Aprili 2023

Mwanangu,

Jambo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Constance akaniuliza, “Papa, iko nini?” Nikamwambia plâtre inaniwasha.

Nisamehe. Ofisini nilikuwa mkali kwa karani aliyekwangua hata herufi moja, na leo mimi ndiye niliyefuta miaka saba yako. Nimeona pia kwamba chini umeweka jina tupu. Zamani ulikuwa unaandika “mutoto wako”.

Nimeamua kukurudishia wote. Ndani ya droo nimekuta daftari ulimoandika kila mnyama na mahali anapopatikana. Mpaka leo nina kumi na mmoja. Vidole vyangu ni vizito, lakini muda ninao.

Papa yako


Bukavu, 25 Juni 2023

Mwanangu Rosette,

Hujambo huko? Maman Séraphine, niliyempa barua alipopanda ndege ya mizigo kuja huko, anasema barua yangu ya Aprili alikupa mkononi. Basi najua umeipata, na najua unavyonyamaza. Tabia hiyo umeirithi kwangu, nitamlaumu nani.

Plâtre wametoa. Natembea vizuri, lakini bado nashinda nimekaa kwa ajili ya kazi yako. Nimefika sitini na mbili. Sasa nimekwama, na ninaona aibu kukuambia.

Kwenye daftari lako kuna samaki wa mtoni, naye yuko kwa bibi mmoja mle mchezoni, na bibi hamtoi mpaka umpe mnyama wako wa kwanza. Daftari lako linasema: “Toa wa kwanza, hana faida.” Nimesimama mbele ya bibi huyo wiki nzima. Siwezi. Adèle namjua. Akiona maji anasimama kwanza. Akishindwa anarudi nyuma hatua mbili, halafu anajaribu tena. Wale wengine wote nawajua majina tu. Kwa hiyo kitabu hakitajaa, na papa yako hatakuwa bingwa. Unisamehe na hilo pia.

Kitu kingine. Tangu wiki iliyopita kuna ndege mweupe anatua juu ya gamba la Adèle na kwenda naye kila mahali. Sijamkamata, maana hasumbui mtu. Au mashine imeanza kuharibika?

Papa yako


Shabunda, 14 Julai 2023

Papa wangu,

Jambo, na mguu unaendeleaje? Barua yako niliisoma kazini. Nililia, nikacheka, mpaka wenzangu wakauliza kama nyumbani kuna msiba.

Mashine ni nzima. Ndege huyo ndiye wa mia na hamsini. Vijana walikuwa wanasema anamfuata mtu aliyetembea na mnyama wake wa kwanza bila kumwacha, nami nikaona ni maneno ya kitoto. Wa kwanza wangu nilimtoa siku ya pili, nipate samaki. Hata jina nililompa silikumbuki.

Nikuambie kilichoninyamazisha. Mama alipokuwa ananiuliza wanabaki wangapi, nilikuwa namjibu bila kuinua macho. Wewe ulipofuta wale wanyama, nilichobaki nacho mkononi ni kumbukumbu hiyo tu, ya kutomtazama, na sikuweza kuiandika.

Acha kunikamatia, papa. Wale sitaki tena. Vijana wa paroisse nitawaambia bingwa ni Télesphore wa Kadutu, wabishe mpaka wachoke. Mwezi wa nane kazini wananipa congé nije kupumzika. Nitakaa karibu na wewe, unionyeshe Adèle anavyosimama mbele ya maji.

Kwa sasa tembea naye tu. Na mashine ikikuuliza kama unataka kuhifadhi, jibu ndiyo.

Mutoto wako,
Rosette