Mkono Uliochorwa na Jua

3 Machi

Baba, shikamoo. Mguu unaendeleaje? Shangazi hajambo? Mimi mzima, ila nina la kukiri. Wiki hii nilikuwa nihamishe vitu vya studio yako ya picha ili kinyozi uliyempangisha aingie. Badala yake nimefungua boksi lako la karatasi za picha, zile zilizopitwa na muda, tena mchana kweupe. Nimelaza jani la mpapai juu ya karatasi moja, nikalibana kwa kioo cha fremu, nikaliacha juani masaa manne. Baba, imetoka zambarau, mishipa ya waridi! Sasa ufunguo simpi mtu.

Binti yako mkaidi

11 Machi

Marahaba, mwanangu. Mguu unavimba jioni, na shangazi yako hanipumzishi na dawa. Lakini barua yako ndiyo imenipandisha presha. Miaka thelathini nimefanya kazi kwa taa nyekundu. Hata mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akibisha hodi kwanza. Leo wewe unaanika karatasi kama dagaa? Karatasi iliyoona jua ni takataka. Studio imekufa, na mimi nimeshakubali. Tarehe thelathini mkabidhi kinyozi ufunguo. Sitaki mjadala.

Baba yako

19 Machi

Baba, shikamoo. Pole na mguu, na pole na presha, maana hii itaipandisha tena. Wewe umekubali; mimi sijakubali. Nimekulia kwenye chumba hicho cha taa nyekundu.

Karatasi ya pili niliiharibu kwa mazoea uliyonifundisha: niliitumbukiza kwenye dawa ya kusafishia, ile ya kuitoa picha. Kufumba na kufumbua, nyeusi tii! Kumbe jua limeshamaliza kazi hiyo. Ya tatu nikaipeleka moja kwa moja kwenye dawa ya kukazia, ile inayoizuia picha isipotee. Rangi zimefifia, lakini picha imebaki.

Ndani ya bahasha nyeusi kuna mkono wangu. Nimekaa juani saa nzima bila kuusogeza juu ya karatasi, majirani wakinicheka. Sijaukazia makusudi, uone rangi yenyewe. Funga pazia, tazama upesi, funika. Mwanga ukizidi, utapotea. Dawa ya kukazia iko studio, rafu unaijua.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu, hujambo? Mguu ni ule ule. Bado nasema huo ni uhuni.

Nilifunga pazia kama ulivyosema. Nikaona kidole chako cha mwisho kimepinda kama changu. Miaka yote sikuwahi kukiona. Nikataka kukiona vizuri zaidi. Mimi, fundi wa miaka thelathini, nikafungua pazia! Nilipozinduka, mkono ulikuwa umezama wote. Nimelia, shangazi yako akadhani ni mguu.

Kinyozi nimemwambia atafute pengine. Alifoka, nami nikafoka. Shangazi yako ananikataza kusafiri. Na afunge mlango, nitapitia dirishani. Jumamosi niko hapo. Usimruhusu mtu aguse ile rafu.

Baba yako