Kosa Moja Upande wa Kulia: Kwa Wilfred Stathers wa Harsby

Mwaka umetimia leo, Wilfred, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipotuacha ukiwa kitini karibu na dirisha, redio ikisoma utabiri wa hali ya hewa ambao hukuwahi kuuamini. Redio ilitabiri jua. Mvua ilinyesha mpaka jioni. Tunalitaja hilo kwa sababu ungetaka liandikwe.

Klabu ya Besiboli ya Harsby, uliyoiandikia matokeo kwa misimu arobaini na sita, imekutengenezea benchi la mwaloni. Litawekwa Jumamosi nyuma ya kituo cha kwanza cha wakimbiaji, pale ulipokuwa ukikaa na kitabu magotini. Tunashukuru. Benchi ni zuri na halitikisiki. Tatizo letu lilikuwa kibao chake cha shaba. Rasimu aliyotuletea mwenyekiti, Bwana Duncan Petch, mwezi uliopita, ilisema hivi: “Kwa Wilf, aliyeudaka mpira uliouokoa uwanja wetu.”

Wewe hukuudaka mpira ule. Tunao ushahidi, kwa mwandiko wako mwenyewe. Ulitumia nusu ya maisha yako kuhakikisha kwamba klabu hii haisemi uongo kuhusu historia yake. Tusingeweza kunyamaza ikiusema juu yako, tena kwa shaba.

Kazini ulikuwa fundi wa mizani kwenye kiwanda cha unga, na huenda tabia yako ilianzia huko. Au huenda ulichagua kazi iliyokufaa. Ulikuwa mtu mpole. Mchezaji akiugua ulikwenda kumtazama ukiwa na kitabu cha mwaka wake bora, ukamsomea mchezo wake mzima, pamoja na mara alizokosa. Mmoja wao alisema kwamba alijitahidi kupona ili usirudi. Ulirudi hata hivyo, ukiwa na ndizi.

Ubao wa kibanda cha klabu ulikuwa umeandikwa “Tangu 1935”. Kila mtu aliuamini, na mwaka 1985 mji ulikula keki ya miaka hamsini. Miaka miwili baadaye ulikwenda maktaba, ukasoma magazeti ya zamani kwa wiki tatu, ukakuta kwamba mchezo wa kwanza ulichezwa Mei 1936, kati ya wapakuzi wa bandarini na watu wa kiwanda, kwa magongo yaliyochongwa na fundi wa majeneza. Ulipanda ngazi na kopo la rangi nyeupe, ukaigeuza tano kuwa sita.

“Sasa waliokula keki tutawaambia nini?” aliuliza mwenyekiti wa wakati ule.

“Waambie walikuwa na njaa,” ulijibu.

Klabu ilipenda pia kusimulia kwamba wakati wa vita iliwashinda askari wa Kanada. Uliipata karatasi ya mchezo huo. Wakanada walishinda kwa pointi thelathini na moja kwa mbili. Uliitia fremu, ukaitundika juu ya birika la chai, na hadi leo ipo.

Uwanja wenyewe ni wakfu. Bi Hester Lund, aliyekuwa mwenye kiwanda, aliutoa kwa sharti moja: kila kiangazi uchezwe hapo angalau mchezo mmoja kamili wa besiboli kabla ya Oktoba kuingia. Kiangazi kikipita bila mchezo huo, ardhi inarudi kwa warithi wake, ambao kwa muda mrefu wamekuwa na michoro ya nyumba ishirini na nne. Mchezo kamili ni ule uliofika mwisho wa mzunguko wa tano, yaani kila timu imepata zamu tano za kupiga, na kila zamu huisha watatu wakitolewa. Kwa zaidi ya miaka sabini sharti hilo halikumkosesha mtu usingizi.

Kisha kikaja kiangazi cha 2012. Mvua ilikatisha kila mchezo uliopangwa. Ikabaki Jumapili ya tarehe thelathini Septemba, dhidi ya Wendlesham, chini ya mbingu zenye rangi ya sufuria. Mlifika mwisho wa mzunguko wa nne, wageni wakiongoza kwa nne kwa moja, mvua ilipozidi. Wachezaji watatu wa Wendlesham walikuwa na basi la kuwahi; wakachukua mabegi yao wakaondoka. Wakabaki wanane. Kanuni inataka tisa.

Bwana Petch, ambaye wakati huo alikuwa nahodha wetu na mpigaji wetu bora, alikuja chini ya mwavuli wako.

“Mzee Wilf, andika tu mitano. Wale wa Wendlesham hawana neno.”

“Tumecheza minne.”

“Najua tumecheza minne! Nani atajua?”

“Wewe na mimi tunajua tayari. Hao ni wawili.”

“Watajenga nyumba hapa, mzee. Nyumba! Na wewe umekaa na penseli yako kama hakimu.”

“Basi mtafutieni Lonsdale mtu wa tisa.”

Lonsdale, nahodha wa Wendlesham, alikuwa akikamua soksi zake mlangoni mwa kibanda. “Nitamtoa wapi, bwana? Labda nimvishe glavu mbwa wa mwamuzi.”

“Mbwa anakimbia vizuri kuliko mimi,” ulisema, “lakini hawezi kutia saini.” Ukampa mkeo Beryl kitabu na penseli, yeye akiwa bado na kisu cha sandwichi mkononi. Ukavaa fulana ya Wendlesham. Ulikuwa na miaka sabini na mmoja, na ulikuwa hujacheza kwa miaka thelathini na mitano.

Lonsdale alikupeleka kulia kabisa, kule ambako timu humweka mtu ambaye wanaomba mpira usimfikie. Wendlesham walipiga kwanza, wakatolewa upesi, nawe ukiwa mmoja wao. Ikaja zamu ya Harsby. Wawili wetu wakatolewa, wengine wawili wakasimama vituoni. Alihitajika mmoja tu atolewe, mzunguko wa tano uishe, uwanja upone. Mpira ukapigwa juu sana, ukaelekea kulia; ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, aliyeupiga ametolewa.

Watu wa Harsby walisimama wote wakimshangilia mchezaji wa wapinzani. “Daka, Wilf! Wako huo! Daka, babu!” Ulikuwa chini yake hasa. Glavu ilikuwa wazi. Mpira ukaingia, ukatoka.

Wale wawili wa vituoni wakakimbia, wakafunga. Nne kwa tatu. Mwamuzi akakinga kiganja, akakitazama kikijaa maji. Kila aliyekuwapo alielewa kwamba mchezo ungekatishwa baada ya dakika chache, na kwamba Harsby ingekosa uwanja kwa sababu ya mtu pekee aliyekataa kudanganya ili kuuokoa.

Mpigaji aliyefuata alikuwa Bwana Petch. Akipiga vizuri, zamu itaendelea na mvua itatuwahi. Akikosa, tumeshindwa mchezo na tumebaki na uwanja. Ndipo sauti yako ikatoka mbali kulia:

“Duncan! Piga kweli! Ukijitoa si mchezo!”

“We mzee, shika mpira kwanza ndiyo unifundishe!”

Alizungusha gongo mara tatu, akakosa mara tatu. Mwamuzi akainua ngumi: ametolewa. Mizunguko mitano. Harsby ilipoteza mchezo huo, na kofia zikarushwa juu.

Kama Bwana Petch alikosa kwa kukosa au kwa kupenda, hatujui. Kitabu hakina safu ya nia. Tunaona tu, bila kumlaumu, kwamba kibao kikisema uliudaka mpira ule, basi yeye hakuwahi kuingia kupiga.

Desturi ya klabu ni kwamba chai haimiminwi hadi kitabu kithibitishwe: idadi ya wapigaji walioingia lazima iwe sawa na waliofunga, waliobaki vituoni na waliotolewa, wakijumlishwa. Ulikaa kwenye kibanda ukiwa umelowa hadi soksi, ukajumlisha mara mbili. Hesabu ilikubali. Watu wakashika vikombe. Ukainua mkono.

“Beryl, mpira wangu umeuandika pigo safi.”

“Lilikuwa pigo safi.”

“Ulikuwa mkononi mwangu.”

“Miwani yako ilijaa maji, Wilf. Mtu yeyote angeukosa.”

“Mtu yeyote hakuwapo kule. Nilikuwapo mimi. Ni kosa.”

“Hesabu si imekubali? Hata ukiliacha hivyo, imekubali.”

“Hilo ndilo linalonitisha.”

“Jamani, gombaneni baada ya chai!” mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

Ulichukua kifutio, ukafuta neno la mkeo, lililompa sifa mpigaji, ukaandika kosa, yaani la mdakaji, na pembeni namba tisa, ambayo ndiyo namba ya mchezaji wa kulia. Kisha ukamimina chai, ukampa yeye kikombe cha kwanza. Hakukipokea mara moja.

“Nilikuwa nakuhurumia,” alisema.

“Najua. Nimefuta. Sijasahau.”

Kwa miaka kumi na moja iliyofuata hatukusikia mkilizungumza tena. Mjini, hata hivyo, habari iliendelea kukua bila ninyi. Huko Wendlesham walisema uliangusha makusudi ili kuwasaidia watu wako, jambo ambalo lingekuwa njia mbaya sana ya kuwasaidia. Hapa Harsby mpira ulianza kukaa kwenye glavu muda mrefu kidogo kila mwaka, hadi, ulipozikwa, ukawa umedakwa.

Hivyo mwezi uliopita Bwana Petch aliketi mezani kwako na rasimu yake. Si mtu mbaya. Alilia kwenye mazishi yako kuliko baadhi yetu.

“Mama Beryl, ni kibao tu,” alisema. “Ni kwa heshima. Hakuna atakayekwenda kufungua kitabu.”

“Alidaka lini?”

“Kwa jinsi watu wanavyosimulia...”

“Watu walikula keki, Duncan.”

Alijikuna shavu. “Basi tuseme aliuokoa uwanja, mpira tuuache. Lakini kosa tusilitaje. Mtu amekufa, mama. Mwonee huruma.”

Mkeo aliinuka, akaleta kitabu cha 2012, akakifungua ukurasa wa Septemba. Aliusogeza dirishani, mwanga uupitie kwa nyuma. Chini ya kosa lako bado linasomeka, jembamba, lile pigo safi la mwandiko wake.

“Nilimwonea huruma siku ile ile,” alisema. “Alifuta.”

Bwana Petch aliutazama ukurasa ule. Macho yake yalishuka mstari mmoja, kwenye jina lake na mara zake tatu za kukosa, yakabaki hapo. Kisha akaomba penseli. Maneno yaliyochongwa ni haya, nasi tumeyahakiki mara mbili:

WILFRED STATHERS, 1941–2023
Mwandishi wa matokeo, misimu 46
Mchezaji wa kulia, mzunguko mmoja
Kosa moja

Kiangazi hiki, cha kwanza bila wewe, michezo kumi na mmoja imekamilika. Warithi wa Bi Lund bado wana michoro yao. Kitabu sasa yuko nacho Beryl, na chai haimiminwi hadi awe amekithibitisha. Msimu huu ameandika makosa thelathini na manne, na hakuna aliyethubutu kumtajia mvua. Jumamosi, kabla ya mchezo wa kwanza kuchezwa mbele ya benchi lako, atakuwa wa kwanza kuliketia.

Wanaokukumbuka: mkeo, Beryl, binti yako Rosalind na mumewe Idris, mdogo wako Clement, ambaye bado anashikilia kwamba ilikuwa 1935, na mjukuu wako Tamsin, anayecheza kulia.

Siku zote tutakukumbuka, Wilfred, na tutakukumbuka sawasawa.